Nyumba Arobaini Zisizo na Mgonjwa

"Basi mkishamaliza kuandika, zahanati inaanza kujengwa lini?"

Aliyeniuliza hivyo ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, amesimama uani kwake na mikono inachuruzika maji ya kufulia. Mimi nilikuwa nimekumbatia fomu arobaini zilizofungwa kwa utepe, na mfukoni nina kalamu mbili za chuo kikuu. Mwaka ule nilikuwa na jibu la kila kitu. Hilo sikuwa nalo. Nikamwambia, "Serikali itaangalia," na papo hapo nikajichukia, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwacheka wakubwa kwa kuyasema.

Mama mkubwa alikuwa mkunga wa kijiji chetu, upande wa Majoreni, tangu kabla sijazaliwa. Mimi mwenyewe nilipokewa na mikono yake. Uzazi wa kawaida haukumtisha. Kilichomtisha ni ule mwingine, ambao hakuwa na la kuufanyia ila kuwaita wanaume wanne, kumlaza mzazi juu ya kitanda cha kamba, na kumwelekeza hospitali ya Msambweni. Kiangazi kitanda kilibebwa mpaka barabarani, na huko wakangoja gari lolote litakalotokea. Masika barabara yenyewe ilikuwa tope tupu. Mara mbili katika mwaka mmoja walirudi na kitanda kabla ya kufika, wakitembea polepole, na waliokuwa mashambani wakajua bila kuambiwa. Alichokitaka mama mkubwa ni chumba kimoja cha kuzalishia hapo kijijini na muuguzi mwenye kujua asiyoyajua yeye. Alianza kukitaka zama za Mwingereza. Uhuru ulipokuja alikitaka zaidi, kwa kuwa alidhani sasa kuna wa kumwambia.

Mimi nilikwenda bara kusoma sosholojia. Nyumbani hawakuelewa ni elimu ya nini. Mjomba aliniuliza kama nitakuwa hakimu au mwalimu, nikamjibu kwamba nitachunguza jinsi watu wanavyoishi. "Na hilo lina skuli yake?" akauliza, na kwa kweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo. Idara yetu ilikuwa changa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, wasichana wawili, Mpwani mmoja tu. Tulikuwa na ubao, meza ndefu, na kabati la vitabu vilivyoandikwa kutuhusu na watu waliokaa kwetu miezi sita.

Wiki ya kwanza ya mwaka wangu wa pili, profesa, Mwingereza mrefu mwenye subira ya kuudhi, alitutangazia kazi. Serikali ilikuwa na zahanati moja ya kutoa, na vijiji viwili vya kusini ya pwani vilivyoiomba. Kimoja kilikuwa chetu. Cha pili kilikuwa ndani, mbali na bahari, kwenye nchi kavu ya wafugaji. Idara yetu ingepita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyote viwili, iulize, ihesabu, kisha iseme ni kipi chenye maradhi zaidi. Huko ndiko zahanati itakakojengwa.

Nusura niruke kitini. Nilidhani kwa mara ya kwanza kwamba kusoma kwangu kutamfaa mtu ninayemjua.

Mihula miwili ikatupitia katika kuitunga fomu. Sijapata kuona watu wazima wakibishana kiasi kile juu ya upana wa visanduku vya kutia alama. Mimi nilihoji kila kitu. Kwa nini tunauliza idadi ya viti kwa watu wanaokaa mkekani? Kwa nini mkuu wa nyumba lazima awe mwanamume, na kwetu nyumba nyingi ni za wanawake, mume huja na kuondoka? Kwa nini tuulize kama wana redio, redio inatibu nini? Profesa alitabasamu kila mara, akaandika neno pembeni ya karatasi yake, na fomu ikarudi kutoka kwa mpiga chapa ikiwa na viti, redio, na mkuu wa nyumba wa kiume.

"Maswali yako ni mazuri sana," aliniambia siku moja. "Yatatufaa katika utafiti ujao."

"Na utafiti ujao utakuwa wa zahanati gani?" nikamwuliza. Wenzangu wakacheka. Yeye akatazama saa yake.

Swali la kwanza kabisa la fomu lilikuwa hili: Katika miezi mitatu iliyopita, kuna mtu yeyote wa nyumba hii aliyeugua? Profesa alisema litangulie kwa sababu ni jepesi, halimwaibishi mtu, na litamzoesha mwenyeji kujibu. Mimi niliyehoji viti, niliyehoji redio, niliyehoji mpaka rangi ya karatasi, hilo nililiitikia kwa kichwa.

Likizo ndefu ilipofika tuliteremka pwani. Nilipewa kijiji chetu kwa kuwa nawajua watu na watu wananijua. Kijiji cha wafugaji kilipewa mwanafunzi mwenzangu, kijana wa milimani mwenye viatu vizito na Kiswahili cha kukatakata. Kanuni zilikuwa mbili, na tuliziimba kama watoto wa chuo cha Kurani: uliza swali kama lilivyoandikwa, na andika unachoambiwa, usiandike unachokiona.

Nyumba ya tatu au ya nne ilikuwa ya mzee mmoja fundi wa makuti, aliyekuwa akinipa dafu nilipokuwa mdogo. Nilipiga hodi nikakaribishwa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

"Habari za hapa?"

"Njema."

"Watoto?"

"Wazima wote, Mungu ashukuriwe."

Nikafungua fomu, nikamsomea swali la kwanza kwa sauti ya ofisini. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeanza kusahau mapema.

"Mwanangu, si nimekwisha kukuambia? Hatujambo."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya kikoi, na kikoi kilishindwa kuuficha. Ulikuwa na matende, umevimba kama shina la mgomba tangu gotini mpaka kwenye vidole. Nilivunja kanuni nikamwuliza, "Na mguu je, baba?"

"Mguu upi?"

"Huo hapo."

Aliugeukia, akautazama kidogo. "Huu? Huu si ugonjwa. Huu ni mguu wangu."

Ndani mkewe akaangua kicheko. "Mwandike mzima, mwanangu! Chakula kikiiva huyu huwa mzima kuliko wote."

Nikaandika: Hakuna.

Nyumba ya pili yake nikaandika Hakuna. Inayofuata, Hakuna. Nyumba moja mtoto alikuwa akikohoa nyuma ya pazia, kikohozi kirefu cha kukwaruza, na mamake akaniambia kwa uso mkunjufu kwamba wote ni salama salimini. Nilianza kukasirika. Nilidhani wananificha. Nilidhani wananiona mtoto wa juzi, au wanaogopa karatasi kama walivyoziogopa zile za kodi, au ni ujinga tu. Nilimwambia mama mkubwa kwa ukali ambao mpaka leo unaniaibisha, "Watu wako wanataka zahanati, na wakiulizwa wanasema hawaumwi. Zahanati ya kuuzia nini, chumvi?"

"Umewauliza wakasema nini?"

"Wamesema hawajambo."

"Basi si wamekujibu vizuri?" Akaendelea kufua. Ndipo alipoinuka akaniuliza lile la lini.

Ijumaa tulikutana mimi na mwenzangu wa milimani katika mkahawa mmoja wa Msambweni, tukilinganisha kazi kabla ya mhadhiri kuja kutukagua. Alikuwa na mandazi matatu mbele yake na vidole vimejaa wino.

"Wewe una wagonjwa wangapi?" akaniuliza.

"Sina. Wangu wote wazima."

"Wazima! Dada, mimi nimemaliza chupa ya wino. Kule kwangu wote ni wagonjwa. Hata mbuzi."

"Unawasalimu kwanza?"

"Salamu zenu za nusu saa? Mimi sijui zinaanzia wapi, sijui zinaishia wapi. Naingia, nasema, 'Nani mgonjwa hapa?' Wananitazama hivi," akatoa macho, "halafu wananitajia."

Nilimcheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Nikamwambia hana adabu hata chembe, na kwamba wale watu wanamdhania dresa wa serikali aliyekuja na sindano.

"Na wewe wanakudhania nani?"

"Mimi ni mtoto wao."

"Basi ndiyo sababu," akasema, akachovya andazi katika chai. Sikumwuliza sababu ya nini. Huyo ndiye mimi, mwenye kuuliza kila kitu.

Neno lake nililielewa bara, katika chumba cha idara chenye baridi, siku ya sindano. Kila nyumba tuliyoitembelea ilikuwa imegeuzwa kadi, na kadi ina matundu pembezoni mwote, kila tundu na jibu lake. Aliyejibu ndiyo, tundu lake lilikatwa likawa wazi mpaka ukingoni. Ukizipanga kadi zote, ukapenyeza sindano ndefu kama ya kufumia katika tundu la swali moja, kisha ukainua na kutikisa, kadi za waliojibu ndiyo huanguka mezani na za waliojibu la hubaki zimening'inia. Profesa aliipenda sana sindano ile. Aliipenyeza katika tundu la swali la kwanza akainua kadi za kijiji cha wafugaji, na zikamwagika kama majani. Akainua za kijiji chetu. Akatikisa. Akatikisa tena. Haikuanguka hata moja.

"Ajabu," akasema. "Hewa ya bahari, labda."

Watu walicheka. Mimi niliziona zile kadi arobaini zimening'inia, na katika kila moja nikajisikia nikipiga hodi. Hujambo, hamjambo, watoto, wazima. Kwetu mtu akikubishia mlango akakuuliza hali, unampa amani kwanza. Hata wenye matanga huitikia njema. Jambo zito lina wakati wake: mgeni akishakaa, akishakunywa, akauliza mara ya pili kwa sauti ya chini. Niliyajua hayo kama ninavyojua kutafuna, na ndiyo maana sikuyahesabu kuwa ni jambo la kujulikana. Nilifika kwa kila mlango na adabu zangu zote, nikauliza mara ya kwanza, nikafunga fomu, nikaondoka. Mwenzangu asiye na adabu alikuwa amewashtua watu wake wakasema kweli.

Nikasimama nikayaeleza hayo. Nilieleza vibaya, kwa kuwa nilikuwa na hasira, na kwa kuwa Kiingereza changu hukatika ninapokasirika. Mhadhiri mmoja, Mwafrika mwenzetu, aliyetafsiri fomu, alisema kwamba mila haziwezi kuficha homa. Profesa aliuliza kama ninapendekeza tusiamini wanachosema watu juu ya nafsi zao. Nikasema ninapendekeza tuwaulize mara mbili.

"Mara mbili," akarudia kwa upole, akaandika neno pembeni.

Sikungoja utafiti ujao. Katika mapumziko ya Desemba nilirudi kijijini na fomu tupu arobaini nilizozichukua kabatini bila ruhusa. Safari hii sikuandika mlangoni. Nilikaa mkekani, nikanywa nilichopewa, nikasema ya bara, nikangoja. Kisha nikauliza tena: "Haya, na habari hasa?" Na hapo walinena. Yule mzee wa makuti aliniambia jinsi mguu unavyowaka moto kila mwezi, mpaka huukimbiza kisimani kuumwagia maji. Mama wa yule mtoto wa kikohozi alinihesabia juu ya vidole vyake majuma ambayo hajalala. Mke mmoja mdogo, ambaye mara ya kwanza alinichekea mlangoni, alinionyesha kwa macho tu kitanda cha kamba kilichosimamishwa ukutani, akasema kwamba dada yake alirudi juu ya hicho.

"Mbona hukuniambia mwanzo?" nilimwuliza.

"Mwanzo ulikuwa umesimama," akasema.

Mama mkubwa alinikuta jioni nikipanga zile karatasi, nimevimba kwa ghadhabu na furaha kwa pamoja. "Na nyinyi," nikamwambia, "mnajua kuna zahanati moja na vijiji viwili. Mngeshindwa kusema siku ya kwanza?"

"Ulitaka tukumwagie maradhi mlangoni, mtoto umetoka safari?"

"Sikuwa mtoto siku ile. Nilikuwa mwulizaji wa chuo kikuu!"

"Hukutuambia," akasema. "Ulisema shikamoo."

Nilizipeleka fomu kwa profesa mwezi wa Januari. Alizisoma zote, lazima niseme hivyo, moja moja, huku nimesimama. Kisha alizipanga vizuri, akaziweka upande wangu wa meza. Alisema anaamini kwamba nimeyasikia hayo. Lakini mwulizaji ni jamaa wa wanaoulizwa, amerudi peke yake bila idhini, anajua jibu gani litaleta zahanati, na wanaojibu wanalijua pia. "Kama ungekuwa wewe ni mimi," akaniuliza, "ungezikubali?"

Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba nisingezikubali. Mwaka mzima nilikuwa nikiwafundisha wenzangu kutoamini karatasi za namna ile. Nilimwambia basi na zile za mwanzo azitupe, vijiji vyote viwili vianze upya, sindano ianze upya. Akasema ripoti inangojwa mwezi wa Machi. Nikasema kwamba kungojwa kwa ripoti si hoja. Akasema ni kweli, si hoja. Ripoti ikaenda.

Zahanati ikatolewa kwa kijiji cha wafugaji. Siwezi hata kusema serikali ilimdhulumu mtu. Mwenzangu wa milimani alikuwa amewaona kwa macho yake wanawake wa kule wakibebwa njia ndefu kuliko yetu, na aliniambia hivyo katika ukumbi wa chakula, sahani mkononi, akinitazama kama mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolijua. Ningependa kuwa na mtu wa kumchukia. Nilimaliza mwaka nikiwa na alama nzuri katika somo la njia za utafiti, na hilo lilinikera zaidi.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia mama mkubwa. Alinikaribisha, akanipa uji wa mchele, akaniuliza hali, nikamjibu njema. Akangoja nimalize kikombe. Akauliza tena. Nikamwambia.

Aliifunika sufuria ya uji. "Na wa huko ni watu," akasema.

"Wa huko ni watu, sawa. Na wewe masika ikija utafanya nini?"

"Nitakayoyaweza."

"Si haki! Wewe hukasiriki?"

"Nikukasirikie wewe?" Akachukua kikombe changu akakisuuza. "Hilo limeamuliwa na yule Mzungu wako au na serikali?"

"Serikali."

"Na serikali ya karibu iko wapi?"

"Kwale," nikasema, nikainuka. Nilikuwa na gari la kuwahi Ukunda, na nilikuwa nimechoka na kila mtu anayeuliza jambo lisilobadilisha kitu. Hatukulizungumza tena. Aliendelea kuita wanaume wanne kwa miaka mingine tisa, na akafa kabla ya kijiji chetu kupata hata sanduku la dawa.

Niliyajua yaliyobaki nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika harusi moja huko Diani. Mzee aliyeketi karibu na mlango aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia ukoo wa mama, naye akasema kwamba aliwahi kumrudisha kwao mama mmoja wa ukoo huo, mkunga, mwaka ule zilipotolewa habari za zahanati. Yeye alikuwa dereva wa gari la serikali. Mama yule alifika Kwale kabla ofisi haijafunguliwa, amevaa buibui jipya, na alikuwa njiani tangu jana yake. Afisa aliyekuwa zamu, mtu wa bara, kijana, mwenye heshima zake, alimwinukia akampa mkono. Akamwuliza, "Habari za Majoreni, mama?" Akajibu njema. "Watu wote wazima?" Wazima, alhamdulillahi. Kisha mama akanyamaza, na afisa akanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mwishowe afisa alimshukuru kwa dhati kwa kuja mbali vile kuisalimu ofisi, akaamuru arudishwe kwao na Landrova.

Dereva alisema walikuwa bado hawajatoka mjini alipomwuliza tena, ili kuifupisha safari tu, habari za huko hasa. Na njia nzima mpaka lami ilipokwisha, na tope likaanza, yule mama alimtajia wanawake waliofia njiani, mmoja mmoja, kwa majina yao na majina ya mama zao.